Siku Nilipomshinda Mtani Wangu Barazani

Watu wakikutana kujadili barabara, mimi hukaa nyuma na kufunga mdomo. Wanaonijua sasa hudhani ni uzee, au kwamba sina langu la kusema. Wachache waliobaki wa rika langu wanajua kwamba zamani nilikuwa msemaji, na kwamba hotuba yangu iliyosifiwa kuliko zote niliitoa Ifakara, miaka ya hamsini, nikitetea barabara. Nilishangiliwa siku ile. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Ndiyo hotuba iliyonifundisha kunyamaza, na nimeona niiandike kabla sijaenda nayo kaburini.

Nilikuwa tarishi wa baraza. Kazi yangu ilikuwa kupeleka barua na amri kwa majumbe wa vijijini, na kwa kazi hiyo nilipewa baiskeli nyeusi yenye kengele, taa, na kiti cha ngozi kilicholia kila nilipokanyaga pedali. Haikuwa yangu, lakini nani angejua? Kila Jumamosi niliisugua na kuipaka mafuta mpaka spoku zikang'aa. Nikipita Mlabani nilipiga kengele hata pasipokuwa na mtu wa kunipisha. Nilikuwa kijana, nilijua kusoma, na nilikuwa na baiskeli ya serikali. Mtu wa namna hiyo huwa hajui bado kwamba ni mjinga.

Kutoka Ifakara kwenda vijiji vya magharibi, upande wa Mlimba, palikuwa na njia tuliyoiita njia ya juu. Ilifuata miguu ya milima, mahali ambapo ardhi ni ya kichanga na maji hayatuami, ikavuka mito kule ilikokuwa bado myembamba, juu ya madaraja ya magogo. Gari lisingeweza kupita. Lakini mwenye miguu alipita, na mwenye baiskeli alipita, masika na kiangazi, mradi akubali kushuka penye kila daraja na kuibeba baiskeli begani. Kila kijiji kilikuwa na kipande chake cha kutunza. Kila kiangazi jumbe alipiga ngoma, wanaume wakatoka na mapanga na mashoka, wanawake wakaleta togwa, na kwa siku mbili tatu nyasi zilikuwa zimefyekwa na magogo yaliyooza yamebadilishwa. Hakuna aliyelipwa na hakuna aliyelalamika sana.

Mimi niliichukia njia ile. Nilichoka kubeba baiskeli begani mithili ya mzigo wa kuni, mbele ya wanawake waliokuwa wakichota maji chini ya daraja na kuniuliza ni nani amempanda mwenzake. Nilikuwa nimetumwa Morogoro mara moja, nikaona wenye baiskeli wakiteleza kwenye barabara pana ya kifusi bila kushuka hata mara moja, mashati yao yamejaa upepo. Niliporudi bondeni kwetu nilikuwa na kinyongo.

Sasa nimseme mtani wangu. Alikuwa mkulima wa mpunga katika kijiji kimoja cha njia hiyo ya juu, na alinizidi miaka michache. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu mababu. Kwetu mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, anaweza kuchukua kuku wako akala, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Kumkasirikia mtani ni aibu kuliko kuiba. Na siku ya msiba yeye ndiye anayechimba kaburi, na ndiye anayewachekesha wafiwa ili wasife kwa huzuni. Ndivyo tulivyolelewa, na hatukuona ajabu yoyote.

"Mla vyura, hujafa tu?" ndivyo alivyonipokea kila nilipofika kwao.

"Nife nimwachie nani baiskeli? Wewe ukiipanda itatapika."

Baiskeli yake yeye ilikuwa mkweche aliounganisha mwenyewe, breki ya nyuma haipo, madigadi ya mbele yamefungwa kwa waya. Lakini ilikuwa na kazi kubwa kuliko ya baiskeli yangu. Mama yake alikuwa na kidonda mguuni, kile tunachokiita kidonda ndugu, kinachokula nyama polepole kana kwamba kina haki nayo. Hospitalini Ifakara walimwambia wazi: kioshwe na kufungwa kila wiki bila kukosa, kitapona; kikiachwa, mguu utaoza na mwili utaufuata. Basi kila Alhamisi mtani wangu alimleta mjini. Alikuwa amefunga ubao juu ya keria, juu ya ubao mto wa sufi, na ubavuni kitanzi cha kamba ambamo mama aliegemeza mguu mbovu usining'inie. Penye daraja alimbeba mama mgongoni akamvusha, akamketisha, akarudi kuifuata baiskeli. Mwaka mzima walikuwa hawajakosa Alhamisi hata moja, na kidonda kilikuwa kimeanza kufunga kando kando.

Mama yule naye alikuwa mtani wangu, kwa kuwa alikuwa wa ukoo ule ule. Nilikutana nao njiani mara nyingi.

"Shikamoo mama," nilisema nikishuka kwenye baiskeli.

"Marahaba, mwanangu. Mbona unaendesha kama umeiba?"

"Nakimbia nisionekane na mwanao. Watu watadhani tunajuana."

Alicheka kwa sauti nzito isiyofanana na mwili wake mdogo. Nilimpenda mama yule. Naandika hivyo kwa sababu yatakayofuata yataonekana kama sikumpenda.

Mwaka mmoja, mavuno yakiwa yamekwisha, baraza liliitwa Ifakara. Bwana Shauri, mzungu wa serikali wa wilaya yetu, aliteremka kutoka Mahenge, bomani, pamoja na mkalimani wake. Jambo lenyewe lilielezwa vizuri na kila mtu alilielewa. Fedha za baraza za mwaka ule zilitosha kazi moja tu. Ama ifunguliwe barabara ya gari, inyooke moja kwa moja kupitia mbugani, na mfanyabiashara mmoja wa mjini alikuwa tayari kuweka basi litakalobeba watu na mpunga. Ama itengenezwe njia ya juu: ipanuliwe, na penye magogo yawekwe madaraja ya mbao zilizopasuliwa, ili baiskeli na mikokoteni vipite bila kubebwa. Bwana Shauri alitaka maoni ya watu, na karani alikaa na kalamu mkononi.

Wenye maduka walitaka barabara. Wazee wa vijijini waligawanyika. Ndipo mzee mmoja wa baraza aliponinyoshea kidole. "Tarishi anashinda njiani kuliko sisi sote," alisema. "Wenye baiskeli wana neno gani? Aseme yeye."

Nilisimama. Nilikuwa nimevaa kaptula ya kazi na soksi ndefu. Nikasema kwamba baiskeli ni za wachache, basi ni la wote. Nikauliza: mzee asiye na baiskeli aende na nini? Mwanamke mjamzito aende na nini? Nikasema kwamba sisi wa baiskeli hatupaswi kuwa wachoyo, barabara ikifunguliwa nasi tutapita humo humo, tena bila kubeba vyuma begani. Hotuba ilikuwa nzuri, na hata leo sioni neno la uongo ndani yake. Uongo ulikuwa katika yale niliyoacha kusema. Niliijua mbuga. Nilijua udongo wake mweusi, ambao wakati wa kiangazi ni mgumu unavutia kuendeshea, na ukilowa hushika gurudumu, ukajaa kwenye madigadi, mpaka gurudumu likagoma kuzunguka. Katika watu wote waliokuwa pale hakuna aliyeujua udongo ule kuliko mimi, na hilo ndilo nililoulizwa.

Mtani wangu akaomba nafasi. Hakuwa mtu wa kusimama barazani, na alianza akiwa ameshika kofia kwa mikono yote miwili.

"Mimi basi nalipenda," alisema. "Lakini basi linataka pakavu, na mbuga yetu ni kavu nusu ya mwaka tu. Ugonjwa hauchagui kiangazi. Mimi nina mama, mnamwona kila Alhamisi. Ile njia ya juu ndiyo dawa yake. Mkiiacha ikafa, masika nitampitisha wapi?"

Niliona mzee aliyeninyoshea kidole akitikisa kichwa kukubali. Niliona karani akiandika. Na mimi, badala ya kufikiri alichosema, nikaona ushindi wangu unaondoka. Nilitaka kushinda, basi. Nimetafuta miaka mingi sababu iliyo bora zaidi ya hiyo na sijaipata.

Nikasimama bila kupewa nafasi. "Wazee," nikasema, "huyu ni mtani wangu, namjua. Haogopi matope. Anaogopa basi likija mama yake atapewa kiti cha mbele karibu na dereva, na jioni atarudi nyumbani na baba mpya."

Baraza likalipuka. Wazee walipigana mabega, wengine wakasimama na kutembea kidogo ndipo wakaweza kukaa. Mkalimani alimweleza Bwana Shauri, naye akacheka kwa haya akifunika mdomo kwa kiganja. Mtani wangu alicheka pia, kwa sababu ilimpasa. Kisha akanyosha mkono akajaribu tena: "Sawa, mtani. Lakini masika..." Mtu mmoja nyuma akadakia, "Masika atakuwa amezoeana na huyo baba!" Wakacheka upya. Mtu akishachekwa barazani, hata akisema jua linawaka watacheka. Akavaa kofia, akakaa.

Ilipitishwa barabara.

Tulipotoka alinifuata mahali nilipoegesha baiskeli. "Leo umenimaliza, mla vyura," alisema. Nikamwambia bado sijammaliza mama yake. Tukacheka wote wawili, na nikaondoka nikiamini kwamba tumecheka sawasawa.

Kiangazi kile watu waliitwa kujenga. Amri niliipeleka mimi mwenyewe, kijiji kwa kijiji: kila jumbe atoe watu wake waende mbugani kukata miti na kuinua tuta. Siku walizoitiwa zilikuwa zile zile ambazo miaka yote zilikuwa za kufyeka njia ya juu. Jumbe mmoja, mzee mwenye macho mekundu, aliisoma karatasi mara mbili akaniuliza, "Na huku juu nani atafyeka?"

Nikamjibu kwamba karatasi niliyopewa haikutaja huku juu.

"Sikuulizi karatasi," alisema. "Nakuuliza wewe unayepita."

Nikapanda baiskeli nikaenda zangu. Mwaka ule njia ya juu haikuguswa na panga.

Siwezi kusema barabara ilikuwa mbaya tangu mwanzo. Miezi ile ya kwanza ilikuwa raha tupu. Nilitoka Ifakara alfajiri na kabla jua halijawa kali nilikuwa nimekwisha gawa barua zangu, sijashuka popote, shati langu limejaa upepo kama wale niliowaona Morogoro. Basi lilikuwa lori lililowekewa mabenchi na turubai, lilipita mara mbili kwa wiki, na watu walilipanda wakiwa na mpunga, kuku na mikeka. Wengi walikuwa hawajawahi kufika hospitalini, wakafika. Hilo nalo ni kweli, na nisipolisema nitakuwa nadanganya upande wa pili.

Mama wa mtani wangu alipanda basi. Nilikuwapo liliposimama Ifakara, na kweli alikuwa kiti cha mbele, kanga mpya, mguu wake umenyoshwa juu ya gunia. Aliponiona akaniita kwa kidole.

"Nimemtazama vizuri dereva wako," alisema. "Meno mabovu. Baba huyo simtaki."

Mtani wangu alikuwa ameung'oa ule ubao kwenye keria akaufanya kigoda cha kukalia jikoni. Aliniambia hivyo akicheka, na nadhani siku hiyo alikuwa ameanza kuamini kwamba mimi ndiye niliyekuwa sahihi.

Mvua zilianza mapema na hazikupumzika. Katika wiki ya kwanza basi lilikwama, likavutwa. Wiki ya pili lilikwama tena mahali pabaya zaidi, likalala mbugani siku tatu, na lilipotolewa mwenyewe akaliegesha nyuma ya duka lake mpaka kiangazi. Ni mali yake, huwezi kumlaumu. Lakini magurudumu yake yalikuwa yameacha mifereji miwili mirefu, na mifereji ile ikajaa maji, na kingo zake zikawa uji. Barabara iliyokuwa imejengwa kwa ajili ya gari sasa haikupitisha gari, na haikupitisha baiskeli kwa sababu ya gari.

Nilitumwa na barua. Mwendo niliouzoea kuumaliza asubuhi moja ulinichukua siku moja na nusu. Kila hatua chache gurudumu liligoma, nikaipindua baiskeli, nikachokoa matope kwa kijiti, nikaigeuza, nikasukuma, likagoma tena. Taa ya serikali ilipotelea humo. Nilipofika kijijini kwa mtani wangu nilikuwa nimeibeba baiskeli begani, na kwa mara ya kwanza nilikumbuka madaraja ya magogo kwa hamu.

Mama alikuwa kibarazani mwa nyumba yake, mguu juu ya kigoda. Alhamisi mbili zilikuwa zimepita bila kwenda. Nilisikia harufu kabla sijamfikia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo huendeshi kama umeiba," alisema. "Naona umeamua kuwarudishia wenyewe."

Nilitazama mguu wake, kile kitambaa walichokuwa wakikichemsha na kukifunga wenyewe nyumbani, na uvimbe uliokuwa umepanda kupita goti. Mtani wangu alisimama mlangoni. Hakunitukana. Alisema tu kwamba siku iliyopita alikuwa amempakia mama kwenye baiskeli wakajaribu mbugani, wakafika mahali pa kwanza pabaya, wakarudi.

Kesho yake mimi na yeye tulichukua mapanga tukaenda kuijaribu njia ya juu. Nilikuwa na barua nyingine za kupeleka, nikaziacha. Matete yalikuwa yamepanda juu ya vichwa vyetu, na mahali pengine tulitafuta njia kwa miguu, tukipapasa chini kama vipofu. Tulifyeka tangu asubuhi mpaka jua likainama, watu wawili, kazi iliyokuwa ikifanywa na kijiji kizima. Tulifika daraja la kwanza. Gogo moja lilikuwa limeoza na kukatika katikati, jingine limechukuliwa na maji. Mto ulikuwa unapita kwa nguvu. Mtani wangu alisimama ukingoni akautazama, kisha akanitazama mimi, na nilitamani sana aseme neno. Angesema lolote, nilikuwa tayari. Aligeuka tukarudi.

Mwishowe vijana wa kijiji walimbeba kwa machela. Walipita kando ya mbuga wakitafuta palipoinuka, wakavuka mito kwa mtumbwi mahali walipoupata, na mahali wasipoupata walisubiri maji yapungue. Walifika Ifakara siku ya tatu. Hospitalini walifanya yote waliyoweza kuyafanya. Wakaukata mguu. Lakini sumu ilikuwa imekwisha panda, na baada ya siku nne mama yule akafariki. Mvua ilikuwa imekatika siku hiyo na jua limetoka, na nakumbuka nililichukia jua.

Walimrudisha kwao kumzika. Mimi nilikuwa mtani, na kazi ya mtani haikwepeki. Nilichimba kaburi pamoja na wenzangu wa ukoo wetu. Padri alipomaliza sala zake na kuondoka, watu walikaa uani, na zamu ikawa yetu. Kwa desturi mtani humwigiza marehemu: alivyotembea, alivyosema, alivyofoka. Nikaletewa kanga yake. Nikajifunga kiunoni, nikajitanda nyingine kichwani. Shangazi mmoja wa mfiwa akapaza sauti, "Tuonyesheni alivyopanda baiskeli." Wakaileta baiskeli ya mtani wangu, vijana wawili wakaishika, nami nikaketi upande upande juu ya keria, mguu mmoja nimeunyosha. Nikasema kwa sauti nzito, "Mbona unaendesha kama umeiba?" Uani pote pakawa kicheko na kilio kwa pamoja, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Nilikuwa naifanya kazi yangu vizuri.

Mtani wangu alikuwa amekaa mkekani mbele yangu. Nilipomwona, maneno ya kuigiza yaliniishia. Nikasema, "Mtani, mimi ndiye niliyemuua mama yako. Niliijua mbuga kuliko mtu yeyote. Niliulizwa, nikanyamaza, nikawafanya watu wakucheke. Nisamehe."

Watu wakacheka. Walicheka sana, kwa sababu mtani msibani hujidai ndiye aliyemuua marehemu, ndiye aliyemla, ndiye aliyemtuma mchawi. Ni mzaha wa siku zote. Nikasema tena, "Nasema kweli, ndugu zangu." Wakazidi. Yule shangazi alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kanga, akimwambia jirani yake kwamba mtani huyu ni hodari, hajaona mfano wake. Nilishuka kwenye keria, nikavua kanga zote mbili, nikasimama mbele yao na kaptula yangu, nikarudia mara ya tatu. Machozi yalikuwa yananitoka. Mtu akasema, "Tazameni, mpaka machozi!" Wakapiga makofi.

Mtani wangu pekee hakucheka. Alinitazama mpaka kelele zilipopungua, kisha akainamisha uso.

Kiangazi kilichofuata nilisimama barazani, nikaomba siku za kufyeka njia ya juu zirudishwe, na zisiguswe tena kwa ajili ya barabara. Sikusema mzaha hata mmoja. Walikubali bila ubishi. Jambo lenyewe halikuhitaji fedha, lilihitaji mtu mmoja wa kulitaja. Nikapeleka amri, na siku yenyewe nilipofika kijijini kwa mtani wangu niliweka baiskeli kando nikachukua panga nikaingia kwenye mstari. Tulijikuta tuko bega kwa bega. Watu wengine walikuwa wakitaniana kama kawaida. Mimi nilisubiri. Nilikuwa nimetayarisha jibu la vyura tangu njiani.

Togwa lilipoletwa, alichukua kibuyu akanigeukia. Akanipa kwa mikono miwili, akainama kidogo, kama unavyompa mgeni unayemheshimu.

"Karibu togwa, bwana," alisema. "Habari za siku nyingi? Nyumbani hawajambo?"

Nikasema hawajambo.

"Namshukuru Mungu. Utawasalimia."

Nilimwambia, "Mtani, hujafa tu?" Sauti ilinitoka ndogo. Akatabasamu kwa adabu, akasema kwamba Mungu bado anamlinda, akarudi kufyeka.

Ikawa hivyo miaka yote iliyobaki. Tulikutana njiani, sokoni, arusini, misibani. Kila mara alishuka kwenye baiskeli yake, akavua kofia, akauliza hali ya mke wangu na watoto wangu, akanipa mkono kwa heshima, akaniita bwana. Hakuniita tena mla vyura. Hakunichukulia kuku hata mmoja. Hakuna aliyeweza kumshtaki kwa lolote, na mimi mwenyewe ningemshtaki kwa nani, niseme ananisalimia vizuri?

Mara moja, miaka mingi baadaye, nilikuwa na binti yangu mkubwa, tunatoka mjini tunarudi nyumbani Viwanja Sitini. Tukakutana naye. Alikuwa mzee sasa, naye alisimama akafanya yote kama desturi yake, akauliza habari za kila mtu, akatutakia safari njema, akaenda. Binti yangu aligeuka akamtazama anavyokwenda.

"Yule mzee anakuheshimu sana, baba," alisema.

Nikamwambia ndiyo, ananiheshimu.